UZI: Ukiahidiwa makao ya wazee Garsen, uliza maswali haya

1/ Kanuni ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama, na mwenye matusi abaki nayo. Leo tunachambua hoja ambayo nimeisikia zaidi ya mara moja mikutanoni, kuanzia Minjila hadi Tarasaa. Mmoja anasema, "Tutawajengea wazee wetu makao." Mwingine anamjibu papo hapo, "Sisi huku hatutupi wazee wetu."

2/ Kauli zote mbili zinapigiwa makofi, na zote mbili zinaruka swali lenyewe. Mzee atakayelala kwenye hayo makao, au atakayebaki nyumbani, sisi tutajuaje kwamba yuko salama na anatunzwa vizuri? Kujenga ni kazi ya fundi. Swali hili ndilo la siasa.

3/ Tuanze na Katiba. Ibara ya 57 inazungumzia wazee, na Ibara ya 260 inasema mzee ni mtu aliyepita miaka 60. Serikali inatakiwa ichukue hatua ili wazee washiriki kikamilifu katika jamii, wajiendeleze, waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia NA Serikali. Soma tena hapo. Haisemi familia AU Serikali. Kwa hiyo "hilo ni jukumu la familia" ni nusu ya sentensi, na "serikali itawatunza" ni nusu nyingine.

4/ Sasa, serikali ipi? Ukifungua Jedwali la Nne, kaunti imepewa huduma za afya, na vituo vya kulea watoto vimetajwa kabisa. Makao ya wazee hayakutajwa kwa jina. Sera ya kitaifa ya wazee ya 2009, iliyorekebishwa 2014, iko kwa wizara ya Nairobi. Matokeo yake ni mpira wa kurushiana: kaunti inasema "hilo la kitaifa", wizara inasema "afya imegatuliwa". Mtu akiahidi makao bila kusema nani atayakagua, ameahidi nyumba isiyo na mlinzi.

5/ Msidhani natia chumvi. Mwaka 2023 uchunguzi wa BBC Africa Eye uliingia kwa siri kwenye makao ya wazee nje kidogo ya Nairobi. Kamera ikaonyesha wazee wakichapwa na watu waliopaswa kuwatunza. Makao hayo yalikuwa na majengo, yalikuwa na jina, wageni walikuwa wakiyatembelea. Ilibidi mtu ajifanye mfanyakazi ndipo yaliyokuwa yakitendeka yajulikane.

6/ Na wewe unayesema "sisi hatutupi wazee", ngoja nawe nikufikie. Jirani zetu wa Kilifi wana mahali panaitwa Kaya Godoma, kule Ganze. Pamehifadhi wazee waliokimbia makwao baada ya kuitwa wachawi. Wengi wa wanaotuhumiwa namna hiyo husukumwa na watu wa damu yao, na mara nyingi ugomvi wenyewe ni wa shamba. Kwa wazee hao, hatari ilikuwa nyumbani, na makao ndiyo yaliyowaokoa. Kwa hiyo "nyumbani" si neno lenye maana ya "salama" kila wakati.

7/ Hili linanigusa. Nyanya yangu ana miaka 81 na kijiji chetu kiko karibu na mto. Mafuriko ya Novemba 2023 alitolewa kwa mtumbwi, na ya Aprili 2024 akatolewa tena. Anaishi na shangazi, ambaye pia analima mpunga na ana wajukuu wake wa kulea. Shangazi huamka usiku mara tatu au nne kumpeleka nyanya chooni. Hakuna mtu amewahi kumlipa hata shilingi, na kwenye mkutano hakuna aliyewahi kumtaja.

8/ Mwaka jana familia ilikaa kikao: je, tumpeleke nyanya kwenye makao fulani katika kaunti nyingine? Mimi na shangazi tukatumwa tukaangalie. Majengo mazuri, vigae vinang'aa, maua kila pembe. Shangazi hakuangalia maua. Aliuliza, "Usiku hapa analala nani?" Tukajibiwa, "Kuna askari wa lango." Akauliza tena, "Ndani je?" Pakawa kimya. Tukashukuru, tukarudi.

9/ Lile swali la shangazi lina nadharia yake. Mwaka 1966 daktari mmoja, Avedis Donabedian, alieleza kwamba ubora wa huduma ya afya hupimwa kwa vitu vitatu: muundo (majengo, vifaa, wafanyakazi), mwenendo (kinachofanyika kila siku), na matokeo (hali ya mgonjwa mwishowe). Siasa zetu hukomea kwenye sehemu ndogo ya muundo, yaani jengo. Hebu tuyapitie yote matatu kwa macho ya Tana Delta.

10/ MUUNDO, kwanza ardhi. Huku kwetu swali la kwanza la usalama ni maji. Mto Tana unatoka milima ya Kenya na Aberdare, unapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha unatufikia sisi. Mabwawa yakijaa na kufurika huko juu, onyo hutolewa kwa watu wa chini, na watu wa chini ni sisi. Makao yatajengwa wapi? Maji ya 1997, 2023 na 2024 yalifika hapo au hayakufika? Wazee wa kijiji wanajua bila ramani. Waulizwe.

11/ Jambo la pili, barabara. Jengo linaweza kuwa mlimani na bado likawa kisiwa. Mzee akipatwa na kiharusi saa nane usiku, atafikaje hospitali ya Ngao au ya Hola barabara ikiwa imekatika? Boti ipo? Mafuta yapo? Namba ya nani inapigwa? Mpango wa kuhamisha wazee usiokuwa na jina la mtu na namba ya simu ni karatasi tu.

12/ Jambo la tatu, nyumba yenyewe. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, maisha yake hubadilika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo angalia vitu vidogo: choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani, kuna pa kushikilia, taa inawaka usiku, kizingiti kiko juu kiasi gani, kiti cha magurudumu kinapita mlangoni. Angalia kama milango ya usiku inafungwa kwa kufuli kwa nje. Moto ukiwaka, kufuli hiyo ndiyo itakayoua.

13/ MWENENDO. Hapa ndipo ubora unapojificha, manake hauonekani kwenye picha ya uzinduzi. Nenda bila kuaga, saa ya chakula au jioni. Vuta pumzi ukiingia: harufu ya mkojo iliyozoeleka inakwambia watu hawabadilishwi nguo kwa wakati. Tazama vikombe vya maji. Mzee hahisi kiu kama kijana, na kwa joto la Garsen mtu anaweza kukaukiwa maji bila kuomba hata glasi moja. Maji yako mkononi mwake, au yako kwenye mtungi upande wa pili wa chumba?

14/ Uliza kuhusu dawa. Zinafungiwa wapi? Nani anazitoa? Kuna daftari linaloandikwa kila dozi? Na uliza kama kuna wazee wanaopewa dawa za usingizi, na nani aliziandika. Makao yenye wafanyakazi wachache huwa na kishawishi cha kuwalaza wazee ili usiku upite. Ukumbi uliotulia sana saa nne asubuhi usikufurahishe haraka.

15/ Pesa nazo ni sehemu ya usalama. Inua Jamii huwalipa waliofikisha miaka 70 na kusajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kitambulisho cha mzee kiko kwa nani? Simu yake na namba yake ya siri viko kwa nani? Hii waulizwe makao na waulizwe pia wajukuu nyumbani, tusijifanye. Mzee anayeporwa na mjukuu amedhulumiwa sawa na anayeporwa na meneja.

16/ Halafu kuna heshima. Delta yetu ina Wapokomo, Waorma, Wawardei na wengine, Waislamu na Wakristo. Mzee wa Kiorma aliyezoea maziwa na mifugo, ukimfungia chumbani na ugali wa kila siku na mhudumu asiyejua neno moja la lugha yake, utasema umemtunza? Anaweza kuswali kwa wakati? Anaweza kwenda kanisani? Akifa, atazikwa wapi na kwa utaratibu gani? Wazee wenyewe huliuliza hili la mwisho kabla ya mengine yote.

17/ MATOKEO. Uliza takwimu nne za mwaka mmoja: wazee wangapi walianguka, wangapi walipata vidonda vya kulala, wangapi walipelekwa hospitali, na malalamiko mangapi yaliandikwa. Jihadhari na makao yanayokujibu "sifuri" kwa zote. Watu 20 wenye miaka 80 hawawezi kukaa mwaka mzima bila hata mmoja kuteleza. Sifuri mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna anayeandika. Vidonda vya kulala ndivyo shahidi wangu mkubwa, kwa sababu vingi vinazuilika mtu akigeuzwa mara kwa mara. Mgongo wa mzee haujui kudanganya mkaguzi.

18/ Sasa twende kwenye hesabu ambayo hakuna mkutano utakaoisikia. Tuseme ni makao ya wazee 20, na tunataka wahudumu 2 tu ndani muda wote, mchana na usiku. Wiki ina saa 168. Mara 2 ni saa 336. Mhudumu mmoja akifanya kazi saa 48 kwa wiki, unahitaji watu 7. Hapo hakuna aliyeugua, hakuna aliyeenda likizo, na hujaajiri mpishi, dereva wala muuguzi.

19/ Tuseme kila mmoja analipwa 18,000 kwa mwezi. Watu 7 ni 126,000 kwa mwezi, yaani 1,512,000 kwa mwaka, kila mwaka, bila jiwe hata moja kujengwa. Hao wazee 20 wote wakileta Inua Jamii yao ni 40,000 kwa mwezi. Haifiki theluthi moja ya mishahara ya wahudumu peke yake. Na chakula bado. Kwa hiyo mtu akikwambia "yatajiendesha yenyewe", mpe karatasi na kalamu, mwambie akuonyeshe.

20/ Basi kwa nini tunaahidiwa majengo kila mara? Si kwamba wote ni wabaya. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu. Nia ilikuwa nzuri: pesa zisiishie mishahara. Lakini jengo linahesabiwa maendeleo, na mhudumu wa usiku anahesabiwa mshahara. Ongeza hapo kwamba jengo lina utepe wa kukata, na zamu ya usiku haina. Ndiyo maana tunaona vituo vipya vilivyofungwa kwa kukosa watu.

21/ Wenzetu wanafanyaje? Huko England kuna tume inayoitwa Care Quality Commission, imekuwepo tangu 2009. Wakaguzi wake huuliza maswali matano: mahali ni salama? Huduma inafanya kazi? Wahudumu wana utu? Wanasikiliza mahitaji ya kila mtu? Uongozi uko sawa? Kisha makao hupewa daraja na ni lazima yalionyeshe hadharani. Hata huko kashfa zipo, msiwaone malaika. Lakini familia ina pa kuanzia.

22/ Marekani tangu 2008 makao ya uuguzi hupewa nyota, moja hadi tano. Tatizo la miaka ya mwanzo lilikuwa kwamba idadi ya wafanyakazi ilitolewa na makao yenyewe. Ukijisahihishia mtihani, utajinyima alama? Baadaye ikabidi walete takwimu zinazotoka kwenye kumbukumbu za mishahara. Funzo kwetu: ripoti ya makao kuhusu makao si ukaguzi.

23/ Karibu zaidi, Zanzibar ina makao ya wazee ya Serikali kule Sebleni na Welezo. Lakini hawakukomea hapo: mwaka 2016 wakaanza pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi wakati huo, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Yaani makao ni kwa wachache wasio na mtu, na msaada unawafuata wengi walioko nyumbani. Mpangilio huo unastahili kujadiliwa hapa.

24/ Manake mjadala wetu umefanywa kuwa wa vitu viwili tu, makao au familia. Kati yake kuna mengi. Kituo cha mchana ambapo mzee anakula, anapimwa presha, anaongea na wenzake, jioni anarudi kwake. Mhudumu anayezunguka nyumbani mara tatu kwa wiki. Siku chache za mapumziko kwa anayemlea mzee. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanazunguka vijijini. Kuwafunza kutambua vidonda, upungufu wa maji na dalili za kupigwa hakuhitaji saruji. Shangazi yangu hataki nyanya aondoke. Anataka alale usiku mmoja bila kuamka.

25/ Pa kuuliza ni wapi? Ibara ya 35 inakupa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inazitaka ofisi za umma zikujibu ndani ya siku 21. Ibara ya 37 inakuruhusu kupeleka ombi kwa mamlaka, na bunge la kaunti ni mojawapo. Makadirio ya bajeti yanatakiwa yawe bungeni kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukienda kulalamika Agosti, umechelewa basi. Malalamiko ya ubaguzi dhidi ya wazee yanaweza pia kufikishwa kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, kwani wazee wamo katika majukumu yake.

26/ Hifadhi posti hii, uende nayo mkutanoni. Maswali 8 kwa anayeahidi makao:
• Yatajengwa wapi, na maji ya 2024 yalifika hapo?
• Usiku ndani watalala wahudumu wangapi?
• Mishahara yao iko kwenye fungu gani la bajeti, na mwaka wa pili je?
• Nani atakagua, mara ngapi, na anaweza kuja bila taarifa?
• Ripoti itabandikwa wapi ili nyanya na shangazi waione?
• Familia inaweza kutembelea saa yoyote?
• Mzee akidhulumiwa, atamwambia nani asiyelipwa na makao hayo?
• Wazee wenyewe, Gasa, Matadeda na akina mama wamo kwenye kamati?

27/ Na maswali 3 kwa anayesema "sisi hatutupi wazee":
• Anayemtunza mzee nyumbani atasaidiwa nini, na kutoka fungu gani?
• Mzee asiye na mtoto, au aliyekimbia watoto wake, aende wapi?
• Mzee anayepigwa nyumbani atajulikana vipi?
Asiyekuwa na jibu hapa hajatetea utamaduni. Amempa shangazi kazi yote kisha akapigiwa makofi.

28/ Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 hivi waliofikisha miaka 60 au zaidi. Wengi wao wanaweza kupiga kura. Wagombea wanajua, ndiyo maana wanawataja. Kazi yetu ni kuhakikisha wakiwataja wanasema na idadi ya wahudumu wa usiku.

29/ Kama mmeona makao, kituo cha mchana au mpango wa kijiji unaofanya kazi vizuri, andikeni hapo chini: nini kinafanya kazi, nani analipa. Msitaje majina ya wazee. Wiki ijayo: "Maji ya mabwawa ya juu yakifunguliwa, nani anapaswa kutuambia, na saa ngapi kabla?" Tukutane.